Weupe Unaotembea

Mama Josephine alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya kazini, begi begani, na gari la kumpeleka ofisini Mtumba lilikuwa linamsubiri nje ya geti. Hakuwa na muda wa kusimama bustanini. Lakini alichokiona kwenye safu yake ya haibiskasi kilimfanya asahau gari.

"Mzee Romani, hebu njoo hapa. Hiki ni nini?"

Mzee Romani aliacha mpira wa maji ukitiririka kwenye shina la mpapai, akaja akijifuta mikono kwenye suruali. Akainama pale alipoonyeshwa. Aliona kijani, na juu ya kijani aliona weupe. Basi. Weupe ulitanda kwenye vikonyo na kwenye ncha za matawi kana kwamba kuna mtu amepita akinyunyiza unga wa sembe. Alisogeza uso mpaka pua ikagusa jani, na weupe ukabaki weupe ule ule, hauna kichwa wala miguu.

Akapeleka vidole. Jani lilinata kama meza ya kilabu cha pombe asubuhi. Na kabla hajautoa mkono, sisimizi walikuwa wameshaanza kumpanda kiganjani.

Vidole vilimwambia ukweli pale pale. Mtu aliyelima zabibu Hombolo tangu ujana wake anajua kwamba jani halipati utamu wa bure, na sisimizi hawapandi mti kwa matembezi. Kuna mdudu anafyonza. Anaacha utamu nyuma yake, na sisimizi wanamchunga kama ng'ombe wa maziwa. Lakini kukubali kwamba ni wadudu maana yake ilikuwa moja: angepaswa kuwatafuta. Angepaswa kugeuza jani baada ya jani, aseme wako wapi, wameenea mpaka tawi gani, dawa ikishapigwa wamekufa au wamebaki. Wadudu wanataka macho. Ukungu hautaki macho. Ukungu unaumwagia dawa popote palipo peupe, kazi imekwisha.

"Ubwiri unga, mama," alisema akijinyoosha. "Ukungu ule ule wa zabibu. Tunaupiga salfa, unakwisha."

Mama Josephine alishusha pumzi. "Ona sasa. Ndiyo maana niliwaambia watu nataka mzee wa zabibu, sitaki hawa vijana wa kufyeka na kuondoka. Maana unajua sherehe ya sendofu ya Josephine imekaribia. Mpiga picha amesema picha zote hapa, hapa kwenye maua. Wakwe wanatoka Moshi, mzee wangu. Nisije nikaaibika."

"Hutaaibika, mama."

"Usiniangushe."

"Mama, hii si ndiyo kazi yangu?"

Geti lilifungwa, gari likaondoka. Mzee Romani alibaki amesimama, na sisimizi mmoja alikuwa amefika kwenye kiwiko. Hakumpangusa. Alijisikia kama mtu aliyejibu swali la padri kwa uongo kisha akagundua padri ameridhika.

&nbsp;

Duka la pembejeo la Faridi lilikuwa karibu na stendi ya Msalato, mlangoni kumepangwa mabomba ya kupulizia dawa na magunia ya chakula cha kuku. Faridi mwenyewe alikuwa Msandawe wa Kwa Mtoro, kijana mwembamba mwenye maneno mengi, na alikuwa na tabia ya kusalimia mteja kabla mteja hajafika.

"Shikamoo mzee wangu! Leo umekuja kununua, au umekuja kukagua kama bado nipo?"

"Marahaba. Nimekuja kukupa riziki, usinichokoze. Nipe salfa."

"Salfa? Si uliacha zabibu?"

"Ya haibiskasi ya mama mmoja. Imepigwa ubwiri unga."

Faridi aliacha kufunga mfuko aliokuwa anaufunga. "Haibiskasi, mzee? Haibiskasi weupe wake mara nyingi ni vidung'ata. Wale wadudu kama pamba, ukimbonyeza mmoja anatoa maji ya rangi. Hao salfa hawaisikii, inawapita tu kama vumbi. Fanya hivi, nikatie tawi uniletee, tulitazame hapa hapa mezani. Kutazama sitozi."

Mama mmoja aliyekuja kununua chakula cha vifaranga aligeuka kusikiliza. Mzee Romani alihisi joto likimpanda shingoni. Kutazama mezani! Aliwaza wawili hao wameinamia tawi, Faridi akisema "Unawaona hawa, mzee?", na yeye akijibu nini?

"Faridi, wewe umezaliwa lini?"

"Basi mzee, nisamehe."

"Nimepiga salfa kabla mama yako hajajua kama atakuzaa. Leta salfa."

Yule mama akacheka. Faridi naye akacheka, huku akinyoosha mkono kwenye rafu. "Haya, mwalimu wangu. Lakini usiipige jua likiwa utosini. Hili jua la Oktoba, salfa inapita kwenye jani kama pasi. Asubuhi kabla halijapamba moto, au jioni."

"Najua."

Na kweli alijua. Hakuna mkulima wa zabibu asiyejua.

&nbsp;

Aliipiga saa sita mchana.

Asubuhi na jioni dunia ya Mzee Romani ilikuwa kama kioo cha bafuni baada ya mtu kuoga maji ya moto. Jua lilipokuwa kali kabisa, hapo ndipo vitu vilipojitenga kidogo: ukuta ukawa ukuta, mti ukawa mti. Kwa hiyo alisubiri jua. Aliifunga salfa kwenye kipande cha chandarua kilichokunjwa mara kadhaa, kama walivyofanya Hombolo wasio na bomba, akawa anapita kwenye safu akikigonga kwa kijiti. Unga wa njano ulishuka juu ya weupe, na popote alipoona peupe aligonga zaidi.

Jenifa, binti yake, alimkuta hivyo. Alikuwa amemletea ugali na mlenda kwenye hotipoti. Binti huyo alimaliza chuo na sasa kazi yake ilikuwa kutuma maombi ya kazi na kumsaidia mama yake nyumbani.

"Baba, jua lote hili?"

"Weka hapo, nakuja."

Jenifa aliweka hotipoti kwenye kivuli, akasogea kwenye maua. Akageuza jani. "Baba, simama kwanza. Huu unga unatembea."

"Unga gani?"

"Huu mweupe. Una miguu. Huyu hapa anatembea, na huyu. Baba, ni wadudu hawa, wamejaa huku chini ya majani, wamebanana mpaka—"

Upande wa pili wa bustani dada wa kazi alikuwa anaanika nguo. Mzee Romani alisikia sauti ya maji yanayokamuliwa ikikoma. Anasikiliza. Akitoka hapo atamwambia Mama Josephine kwamba binti wa mzee ameona alichoshindwa kukiona mzee.

"Chuo ulisomea nini?"

Jenifa alimtazama. "Uhasibu, baba. Si unajua."

"Ulisomea wadudu?"

"Hapana."

"Basi nenda nyumbani ukahesabu. Huku niachie mimi."

Dada wa kazi aliangua kicheko. Jenifa alisema polepole kwamba chakula kitapoa, akaondoka. Mzee Romani aliendelea kugonga kijiti chake. Alikuwa hajawahi kumsema mtoto huyo mbele ya watu, hata alipokuwa mdogo na mtundu. Chakula hakukila. Alimpa mbwa wa geti, akafuta hotipoti kwa nyasi ili ionekane kimelika.

&nbsp;

Majani yalianza kuungua pembeni, yakawa ya kahawia, yakajikunja kama sigara, yakadondoka. Weupe haukudondoka. Ulishuka kwenye mashina, ukapanda kwenye vitumba, na vitumba vikaanguka kabla havijafunguka. Asubuhi Mzee Romani aliwahi kufagia ili Mama Josephine asione vingi. Lakini alifagia kwa kusikia. Jani lisilolia chini ya ufagio lilimpita.

Ikafika siku ya mpambaji kuja kupima mahali pa kuweka maturubai. Alikuwa mama wa mjini mwenye sauti ya juu, amekuja na mafundi wake wawili. Alitembea mara moja kando ya safu ya haibiskasi, akasimama.

"Dada yangu, hapa hapapigiki picha. Tena wadudu wenyewe hawa watawapanda wageni nguoni. Mimi nashauri tufunike na pazia."

"Pazia?" alisema Mama Josephine. "Nifunike bustani yangu mwenyewe kwa pazia, kama choo? Mzee Romani!"

Alikuja. Alisimama mbele yao ameshika kofia. Mafundi waliacha utepe wao wa kupimia ukining'inia.

"Uliniambia ukungu."

"Ndiyo, mama."

"Uliniambia ukipiga dawa unakwisha. Sasa nieleze mbele ya huyu mgeni. Maua yangu yameungua, na hicho kitu bado kipo. Ulifanya nini?"

Neno lenyewe lilikuwa mdomoni. Sioni. Neno dogo la kusemeka kwa pumzi moja. Mzee Romani alifungua mdomo alitoe, na kilichotoka kilikuwa kingine.

"Ni hizi dawa za siku hizi, mama. Salfa ninayoijua mimi haiunguzi hivi."

"Uliinunua wapi?"

"Kwa yule kijana. Faridi."

"Amekuuzia feki?"

Hapo alikuwa bado na nafasi. Mpambaji alishaanza kusikitika kwa mdomo, akisema wanaua watu hawa, wanaua. Mama Josephine alikuwa ameshatoa simu, lakini alikuwa bado anamtazama, anasubiri.

"Inawezekana, mama," alisema Mzee Romani.

Mama Josephine alipiga picha majani yaliyoungua, moja kwa mbali, nyingine kwa karibu.

&nbsp;

Jioni Jenifa aliwasomea wazazi wake ujumbe kutoka kwenye grupu la mtaa. Aliusoma bila kupandisha wala kushusha sauti. "Jamani wana Msalato, tuwe makini na duka la pembejeo la Faridi. Ameuza salfa feki, imeniunguzia bustani nzima. Mzee wa watu kadanganywa kwa sababu ya umri wake." Chini yake watu walikuwa wanamiminika. Mmoja alisema ndiyo maana mchicha wake haukuota. Mwingine alisema chakula chake cha kuku kina mchanga. Mwingine alitaka watu wa wilayani waje wafunge duka kesho yake.

"Baba Jeni," alisema Sidonia, mke wake, "ulimwambia huyo mama hivyo?"

"Nilisema inawezekana."

"Inawezekana."

"Aliniuliza, nikasema inawezekana."

Jenifa aliweka simu chini. "Baba, paketi niliisoma. Ilikuwa salfa ya kawaida. Na wale wadudu niliwaona kwa macho yangu. Mimi sikukasirika uliponiambia nikahesabu. Nataka tu kuelewa. Wewe ndiye uliyenifundisha Hombolo kwamba salfa inapigwa umande haujakauka. Ulikuwa unatuamsha tukiwa na usingizi. Kwa nini uliipiga saa sita?"

Mzee Romani alinyoosha mkono kutafuta kikombe chake. Sidonia alikisogeza kidogo, kimyakimya, kikakutana na vidole vyake. Jenifa aliona kikombe kikisogezwa.

"Mwambie," alisema Sidonia.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie, au nitamwambia mimi. Nimechoka, Baba Jeni. Kila Jumapili nakutangulia njiani kwenda kanisani, najifanya nina haraka, wanawake wenzangu wananicheka kwamba mume wangu ananikimbilia nyuma kama mchumba. Kumbe unafuata kitambaa changu cheupe. Nachambua maharage, nakuchambulia tena kwenye sahani. Nakuvalisha shati nasema hili limekupendeza, kumbe naogopa uvae nje ndani." Akamgeukia binti yake. "Baba yako haoni, Jeni. Anaona ukungu tu."

Redio ya jirani ilikuwa inatangaza bei za mahindi Kibaigwa.

"Tangu lini?" aliuliza Jenifa.

"Tangu kabla hajaanza kwa huyo mama."

"Na hospitali? Kama ni ugonjwa wa mtoto wa jicho, si wanautoa? Watu wanatoka pale wanaona."

"Wanautoa," alisema Mzee Romani. "Halafu wanakuambia usiiname, usibebe kitu, usiingie kwenye vumbi. Nani atanisubiri? Mama Josephine atachukua mwingine. Na nikiondoka mimi pale, humu ndani nani ana kazi?"

Alisema bila kufikiri. Ni alipomsikia Jenifa ameanza kukusanya vyombo ndipo alipojua maneno yameangukia wapi. Alitaka kuyaokota, hakujua yanaokotwaje.

"Jeni."

"Abee, baba."

"Kesho Jumamosi. Mama Josephine haendi kazini."

"Ndiyo."

"Utanipeleka. Tukifika kwenye ile barabara iliyochimbwa utanishika mkono."

"Watu watatuona."

"Watuone."

&nbsp;

Mafundi wa maturubai walikuwa wamefika kabla yao, wanashusha vyuma kutoka kwenye gari dogo la kirikuu. Mama Josephine alitoka na kanga yake na kikombe cha chai. Aliona binti amemshika baba yake mkono, akadhani mzee anaumwa.

"Pole mzee. Umepata nini?"

"Sijapata kitu, mama. Nimekuja kusema. Yule kijana Faridi hana kosa. Aliniuzia nilichotaka, na alinionya nisikipige juani. Aliniomba nimpelekee tawi alitazame, nikakataa. Kosa ni langu. Mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni, mama. Macho yangu hayaoni."

Vyuma viliacha kugongana.

"Huoni vipi?" alisema Mama Josephine. "Si wewe unayekata haya maua kila siku?"

"Nakata kwa mikono."

"Na nyoka? Siku ile nilipokuambia uangalie kama kuna nyoka nyuma ya tangi, ukaniambia umeangalia, hakuna?"

"Sikuangalia, mama. Nilisikiliza."

Fundi mmoja alicheka, akajaribu kukigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mwenzake hakujaribu. Mzee Romani alisimama ndani ya kicheko hicho kama mtu aliyenyeshewa mahali pasipo na pa kujikinga. Mkono wa Jenifa ulimkaza, naye akamkaza.

"Na mimi nimeshaandika kwenye grupu," alisema Mama Josephine. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Ndiyo maana nimekuja mapema. Ufute, mama. Na useme hana kosa."

"Nitafuta."

"Na useme."

Mama Josephine aliangalia chai yake. "Mzee, kufuta nitafuta. Lakini kusema, nisemeje? Kwamba nimemchafulia kijana wa watu jina kwa sababu mtunza bustani wangu haoni, na mimi mwenye nyumba nilikuwa sijui? Kule kuna watu wa ofisini kwangu. Watanionaje?"

Mzee Romani alitamani kumkasirikia, ikashindikana. Alikuwa anaufahamu ugonjwa huo wa aibu vizuri mno.

Jenifa ndiye aliyezungumza. "Mama, kuhusu maua. Sitaki kukudanganya, siku ya sendofu hayatakuwepo. Lakini mti haujafa. Matawi yaliyojaa sana tunayakata, tunayatia kwenye gunia tunayachoma, yasitupwe barabarani yakaambukiza ya jirani. Yaliyobaki tunayaosha kwa mpira wa maji, kwa nguvu, chini ya majani wanakojificha. Jioni jua likishalegea tunapiga maji ya sabuni, baada ya siku chache tunarudia, maana vitoto vinaanguliwa tena. Na sisimizi tuwazuie wasipande, kwa sababu wao ndio wanaowalinda."

"Umejulia wapi yote haya?"

"Jana nilimpigia Faridi."

Mzee Romani aligeuza kichwa. Hilo alikuwa hajaambiwa.

"Akakujibu?" aliuliza Mama Josephine.

"Alinijibu maswali yangu yote. Halafu akakata simu."

Mama Josephine alitembea mpaka kwenye haibiskasi, akageuza jani moja, akalitazama kwa muda mrefu. "Basi wewe binti ufanye. Anza leo. Nitakulipa kama nilivyokuwa namlipa baba yako. Mzee, wewe kapumzike."

"Asante, mama," alisema Mzee Romani. Alimaanisha, na bado neno lilikuwa chungu kama mwarobaini.

&nbsp;

Faridi hakumwamkia.

Salamu hiyo ndiyo siku zote ilimwambia Mzee Romani kwamba amefika dukani, na kukosekana kwake kulimwambia mengine yote. Jenifa alimketisha kwenye kiti cha plastiki mlangoni. Ndani palikuwa kimya, hakuna mteja.

"Karibu," alisema Faridi, kama anavyoambiwa mtu asiyejulikana.

Mzee Romani alisema yote, kuanzia vidole vilivyonata. Alisema alivyojua na alivyokataa kujua.

"Mzee, nilikuomba tawi."

"Uliniomba."

"Tawi moja tu. Ningewaona wale wadudu, yakaisha."

"Ungewaona wao. Mimi je? Na mimi ungeniona."

Faridi aliguna. "Asubuhi hii amekuja mtu kunirudishia mbegu za alizeti. Paketi hajaifungua. Namuuliza zina tatizo gani, anasema amesikia. Hajapanda hata moja, mzee! Amesikia!" Kitu kilipigwa mezani. "Na huyo mama amefuta ujumbe wake sasa hivi. Unajua wanasemaje? Wanasema nimemhonga afute."

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniombe mimi. Mimi dawa yangu naijua. Waombe hao." Alitoka nyuma ya meza, akamwekea simu karibu na mdomo. "Nabonyeza hapa, inarekodi kwenye grupu. Ukisema, mtaa mzima unasikia. Ukikosea hakuna kurudia."

Jenifa alisema, "Faridi, kaka yangu, mpe muda—"

"Bonyeza," alisema Mzee Romani.

Alianza kwa salamu. Aliwasalimu wazee, akawasalimu akina mama, akawasalimu Wakristo na Waislamu, akaulizia hali ya afya na mifugo, mpaka Faridi, aliyekuwa amekasirika kwelikweli, akanong'ona, "Mzee, salamu zimetosha."

"Mimi ni Romani, niliyekuwa natunza bustani kwa Mama Josephine," alisema. "Faridi hajauza dawa feki. Mimi nilimsingizia. Salfa ilikuwa nzima, niliipiga vibaya, tena kwa ugonjwa ambao si wake. Nilifanya hivyo kwa sababu sioni, na nilikuwa naona aibu kusema sioni. Kijana wa watu nikamtwisha mimi aibu yangu." Kisha akakumbuka jambo lingine. "Na wote niliowapa vipandikizi vya haibiskasi kutoka kule, mwaka huu wote, na pale kanisani kigangoni. Tafadhali geuzeni majani. Mkiona weupe unatembea, nimewaletea mimi. Msipige salfa. Kateni tawi mlilete kwa Faridi alitazame."

Kidole cha Faridi kiliachia. Simu ililia mlio mdogo.

"Imekwenda?" aliuliza Mzee Romani.

"Imekwenda."

Faridi alirudi nyuma ya meza, akaanza kupanga makopo ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Mzee Romani alitaka kuinuka aende nyumbani, lakini Jenifa alimwambia atampitia, akaenda kuanza kazi bustanini. Kwa hiyo alikaa. Kila aliyetaka kuingia dukani ilibidi apite mbele ya magoti yake.

Jua lilipokuwa linaelekea magharibi watu wa mtaa walianza kuja. Wengine walikuja kwa udadisi tu. Wengine walikuja na matawi, alisikia majani yakiparuza mlango.

"Shikamoo mzee Romani! Ni mimi, Zaitun! Wa pale kisimani!"

Alisema kwa sauti kubwa, neno baada ya neno, kama anavyosemeshwa mgonjwa au mtoto. Mzee Romani alihisi uso unawaka. Siku zote Zaitun alikuwa anampita na shikamoo ya haraka, naye anajibu marahaba kwa kivuli, akibahatisha kama ni Zaitun au ni mwingine, akiepuka kumuulizia mtoto asije akauliza mtoto wa mtu mwingine.

"Marahaba, Zaitun," alisema. "Mtoto ameacha kukohoa?"

"Ameacha, mzee! Anaendelea vizuri!" Na baada ya hapo akashusha sauti, ikawa sauti yake ya kawaida. "Haibiskasi yangu imejaa hao wadudu. Uliyonipa."

"Najua. Nisamehe. Ingia ndani umwone Faridi."

Ndani alimsikia Faridi akilipokea tawi, akiligeuza, akimwonyesha: huyu hapa, na hivi vya unga ni mayai yake, usiogope, hamna haja hata ya kununua dawa, una sabuni nyumbani? Wakaja Kefa na mkewe, wakataja majina yao. Akaja mmoja akasema ni Gerson, kisha akasema hakutegemea mtu mzima amfanyie kijana vile, akaingia ndani bila kungoja jibu. Hilo nalo Mzee Romani alilipokea.

Kisha mtu mwingine akaja akasimama mbele yake, na hakusema kitu. Alikuwa karibu, Mzee Romani alisikia pumzi zake, na harufu ya majani mabichi yaliyokatwa. Angeweza kufanya kama alivyozoea: kutabasamu kuelekea kwenye kivuli, kusema karibu, karibu sana, na kusubiri sauti imwokoe.

Aliinua uso.

"Ni nani?" alisema. "Niambie jina lako. Sikuoni."